Una uraibu gani? Jaribu kupiga picha za tamasha

Habari za siku nyingi, msomaji? Ukiulizwa hivyo na mtu mliyesoma naye, mkikutana ghafla kwenye kituo cha matatu, yaelekea jibu lako ni lile lile la kila mwaka: niko tu, kazi, karo, watoto, msongamano wa magari asubuhi na jioni. Lakini akizidi kudadisi na kukuuliza siku hizi unajifurahisha na nini, hapo ndipo unapoanza kukohoa. Televisheni? Simu? Kulala Jumapili mchana?

Hukuzaliwa hivyo. Ulipokuwa shuleni ulikuwa na uraibu wako. Pengine ulikusanya stempu, uliandikiana barua na marafiki wa kalamu ambao hukuwajua kwa sura, ulifuga sungura au ulichora nembo za timu za kandanda nyuma ya daftari la hesabu. Kisha maisha yakaingia na kukupokonya mambo hayo moja baada ya jingine. Nawe mwanafunzi unayesoma makala haya usicheke, kwa maana mkondo ni huo huo, unakungoja pindi utakapopata kazi ya kwanza.

Leo nakupendekezea uraibu ambao unaweza kuuanza kwa kifaa ambacho huenda tayari kiko mfukoni mwako, nao ni kupiga picha za wanamuziki wakiwa jukwaani. Sisemi uwe mpiga picha wa kulipwa. Nasema uwe mtu wa ridhaa, anayekwenda kwenye tamasha la kwaya, bendi au shule, akasikiliza, akapiga picha chache nzuri, na siku chache baadaye akazifikisha kwa waliomo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mbona tamasha, wala si maua au ndege? Kwa sababu tamasha linakutoa nyumbani na kukuweka kati ya watu. Ndiko unakokutana na binamu ambaye umekuwa ukimwahidi kumtembelea tangu Krismasi. Isitoshe, muziki unaopigwa mbele ya watu hupita. Wimbo uliorekodiwa studioni utausikia tena redioni mwakani, lakini jioni ile ambayo kwaya ya mtaa wenu ilikuwa ikiimba, umeme ukapotea, nao wakaendelea gizani bila kipaza sauti, hiyo hairudi. Matamasha makubwa yana wapiga picha wake wa magazeti na televisheni. Yale madogo, ambayo ndiyo mengi, hutegemea kama palikuwa na mtu aliyejisumbua.

Wala hujui ni lini jambo dogo litakuwa kubwa, au kubwa litafikia kikomo. Kundi la Sauti Sol lilianza jijini Nairobi mwaka wa 2005. Mnamo Novemba 2023 vijana hao, ambao sasa ni watu wazima, waliwaaga mashabiki katika tamasha la Sol Fest ili kila mmoja ashike njia yake. Siku hiyo waliokuwa na simu juu hawakuhesabika. Lakini yule mwenye picha yao wakiimba miaka ile ya kwanza, kabla majina yao hayajajulikana, hata ikiwa ina ukungu kidogo, ana kitu ambacho hakuna pesa ya leo inayoweza kurudi nyuma kukipiga.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya wataalamu. Basi nikusimulie kuhusu watu watatu.

Tarehe 18 Juni 1967, mjini Monterey, jimbo la California nchini Marekani, mpiga gita Jimi Hendrix aliliwasha gita lake moto jukwaani. Picha ya tukio hilo iliyosambaa duniani kote ilipigwa na Ed Caraeff, mvulana wa miaka 17 aliyekuwa bado shule ya upili. Hakuwa amewahi kumwona Hendrix wala kuusikia muziki wake. Alikuwa amesimama juu ya kiti ukingoni mwa jukwaa, akapiga picha nne za gita hilo likiwaka, na ya mwisho ndiyo tunayoijua leo. Hebu fikiria kama baada ya ile ya tatu angalishuka kitini!

Wa pili ni wa karibu nasi zaidi. Jean Depara alinunua kamera ndogo aina ya Adox mwaka wa 1950 kwa sababu ya kawaida kabisa: alikuwa anaoa, akataka picha za arusi yake. Alikuwa mtu wa kutengeneza baiskeli na kamera na kuuza vyuma vikuukuu. Kamera ile ikamnogea. Kufikia mwaka wa 1954, mjini Léopoldville, ambao leo ndio Kinshasa, mwanamuziki Franco, ambaye nyota yake ndiyo kwanza ilikuwa inachomoza, alimtaka awe mpiga picha wake. Leo mtu akitaka kujua usiku wa rumba wa miaka hiyo ulifanana vipi, viatu gani vilivaliwa na meza zilipangwaje, huzitazama picha za fundi yule wa baiskeli.

Wa tatu, Malick Sidibé wa Bamako nchini Mali, hakuwa wa ridhaa. Alikuwa na studio yake. Namtaja kwa ajili ya desturi yake. Katika miaka ya 1960 alikuwa akienda kwa baiskeli kutoka dansi moja hadi nyingine, akiwapiga picha vijana waliokuwa wakicheza twist na muziki wa Cuba. Akirudi usiku huo alizisafisha picha ndogo ndogo, akazibandika kwenye karatasi ngumu na kuzionyesha studioni. Wale vijana walikuja, wakajitafuta, wakacheka, wakaagiza zao. Mwaka wa 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake katika maonyesho ya sanaa ya Venice nchini Italia, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Alifariki mwaka wa 2016. Lakini kabla ya Venice, picha zile zilikuwa zimeshafanya kazi yake katika vyumba vya watu wa Bamako.

Haya, tuje kwenye kifaa. Simu inatosha kuanzia, mradi uujue udhaifu wake. Kabla ya lolote, pangusa lenzi yake kwa kitambaa laini. Picha nyingi zenye ukungu si kosa la simu, ni mafuta ya vidole na ya chipsi. Pili, usiivute picha kwa vidole ili mwimbaji aonekane karibu. Isipokuwa kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, inachofanya ni kukata kipande cha picha na kukitanua, nawe unapata chengachenga. Afadhali usogee wewe kwa miguu yako, au ukubali kumpiga mwimbaji akiwa mdogo pamoja na umati na taa zote. Picha ya namna hiyo mara nyingi inasimulia mengi zaidi.

Flashi nayo izime, na ibaki hivyo. Mwanga wa simu hufika mita chache tu. Ukiwa umekaa mita 20 kutoka jukwaani, unachomulika ni visogo vya watu walio mbele yako, na jukwaa linabaki na giza lake. Ukiwa karibu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu unamchoma mwimbaji machoni na kuziua rangi za taa ambazo mtu alikesha akizipanga.

Shida kubwa ya jukwaa ni kwamba kamera haina busara ya jicho. Ikiona pazia jeusi na uso mmoja uliomulikwa, hudhani pote ni giza, ikaongeza mwanga hadi uso unakuwa kama karatasi. Dawa yake si ngumu. Katika simu, gusa uso wa mwimbaji kwenye kioo, kisha teremsha mwanga kwa kidole hadi uione ngozi, jasho na mikunjo ya paji la uso. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya kulijali jambo hili. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na watu weusi wakawa wanatokea kama vivuli vyenye meno. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado usiiachie mashine ikuamulie uso wa mama yako utakuwa wa rangi gani.

Ikiwa una kamera kamili, au umebahatika kupata iliyotumika kwa bei nafuu, kumbuka mambo matatu: ukubwa wa mwanya wa lenzi, muda ambao pazia la kamera hubaki wazi, na ile namba ya ISO inayoonyesha kamera inahisi mwanga kwa kiasi gani. Gizani pesa zako zitumie kwenye lenzi kabla ya kamera. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 yenye mwanya wa f/1.8, ambayo huwa miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, hupitisha mwanga takriban mara 10 zaidi ya ile inayokuja na kamera ikiwa imevutwa hadi f/5.6. Kwa mwimbaji aliyesimama, fungua pazia kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Mpiga ngoma na mchezaji wanahitaji 1 ya 250 au hata 1 ya 500, la sivyo mikono yao itakuwa moshi. Kisha pandisha ISO hadi 1600 au 3200 bila woga. Picha yenye chengachenga lakini iliyotulia itatazamwa, ile laini iliyotikisika itafutwa.

Zile taa nyekundu na za samawati zinazopendwa siku hizi hufuta sura ya mtu. Ngojea nyeupe au ya manjano ipite. Huja tu.

Na hapa ndipo mpenda muziki anapomshinda mwenye kamera ya bei. Ukiujua wimbo, unajua ni lini utafika mahali pake. Mwimbaji huvuta pumzi na kufumba macho kabla ya sauti ya juu, kisha neno likimwisha huondoa kipaza sauti mdomoni, na kwa nukta moja uso wake wote uko wazi. Hiyo ndiyo nukta yako. Simama upande usio na mkono ulioshika kipaza sauti, usije ukarudi nyumbani na picha 40 za ngumi. Katika kwaya mtazame anayeongoza: mkono wake ukipanda, macho yote huelekea mahali pamoja. Huko pwani katika taarab, usimpige mwimbaji peke yake. Ngojea mama mmoja ainuke mezani na kwenda kumtunza, noti mkononi, akitembea kwa madaha. Na ukibahatika kufika magharibi mwa Kenya kunakochezwa Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya utamaduni unaohitaji kulindwa kwa dharura, inama chini uitazame miguu.

Usidhani kwamba lazima ununue tikiti ya maelfu ya shilingi. Tamasha la Muziki la Kenya, lile linalokusanya shule na vyuo, lina historia inayorudi hadi mwaka wa 1927, na mashindano yake huanzia ngazi za chini karibu na unakoishi. Kuna sherehe za kanisa, kuna arusi, kuna bendi zinazopiga Jumapili alasiri katika viwanja na mikahawa ya kifamilia. Kwa wazazi hizi za mchana zina faida nyingine: watoto watarudi kabla ya giza, na hakuna atakayesimama kituoni usiku akiwa na kamera shingoni. Ndani ya umati simu ifunge kwa kamba mkononi. Wanaopenda muziki ni wengi, na wanaopenda simu za wenzao pia wapo.

Adabu nayo ina nafasi yake. Matamasha mengi makubwa huzuia kamera zenye lenzi za kubadilishwa, kwa hivyo uliza kabla ya kununua tikiti badala ya kwenda kubishana na bawabu langoni. Wapiga picha wa kulipwa nao wana kanuni inayojulikana katika nchi nyingi, kwamba watapiga nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, kisha watoke mbele ya jukwaa. Mimi naipenda kanuni hiyo hata kwa wa ridhaa. Piga nyimbo tatu, kisha itie simu mfukoni usikilize ulichokuja kukisikiliza. Unaweza kuitoa tena wimbo wa mwisho, wakati watu wamesimama na mwimbaji amechoka na kusahau kwamba anatazamwa. Ama yule anayenyanyua tableti pana kama sinia na kurekodi saa mbili mfululizo mbele ya watoto wa watu, huyo sina la kumwambia ambalo gazeti hili litakubali kulichapisha.

Kuna jambo moja ambalo si adabu tu bali ni sheria. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Picha unazojiwekea katika albamu ya nyumbani hazina neno. Mambo hubadilika picha ya mtu anayetambulika inapotumiwa kutangaza biashara au shughuli bila idhini yake. Mnamo Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kutumia mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa amekubali. Shule moja nayo ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mwenye mkahawa akikuomba picha zako ili aweke tangazo, au mwalimu akizitaka kwa ukurasa wa shule, muulize kwanza: walio katika picha wanajua? Kwa watoto, mzazi ndiye wa kuulizwa, si mtoto.

Umerudi nyumbani, viatu vina vumbi, una picha 200. Kazi sasa imeanza. Wengi huishia hapa. Wanaziacha zikae simuni pamoja na picha za risiti za maji na vichekesho vya kikundi cha ukoo, hadi siku simu inapoanguka katika ndoo au kunyakuliwa dirishani mwa matatu, na miaka mitano ya maisha ya familia inakwenda nayo. Usingoje. Kesho yake jioni keti na mtoto au rafiki mliyekwenda naye, mchague kumi, na mbishane kidogo juu ya ipi ibaki. Zile nyingine futa bila huruma. Zile kumi ziweke mahali pawili, mathalani katika kompyuta na katika diski ndogo inayokaa nyumba nyingine, kwa nyanya au kwa shangazi.

Kisha zipeleke kwa wenyewe. Fikiria mzee wa sauti ya besi ambaye ameimba katika kwaya hiyo kwa miaka 30. Ana kitambulisho chenye picha, ana picha ya arusi, na labda ana picha za mazishi ya watu wake. Hana hata moja inayomwonyesha akifanya lile jambo analolipenda kuliko yote, mdomo wazi, kichwa kimeinama upande, mishipa ya shingo imetokeza. Ikiwa unaye karibu, mwendee baada ya ibada umwambie, "Shikamoo mzee, nilikupiga picha ukiimba Jumapili ile, nimekuletea." Usimtumie kwa simu peke yake. Ichapishe. Hiyo ndiyo itakayowekwa ukutani, na siku moja wajukuu wataishusha kuitazama.

Nao watauliza huyu wa pembeni ni nani. Kwa hivyo kabla hujaitoa, igeuze nyuma, chukua penseli laini, kwa maana wino wa kalamu unaweza kupenya au kuchafua picha inayolaliana nayo, uandike tarehe, mahali, jina la kwaya, wimbo uliokuwa ukiimbwa na majina ya waliomo kuanzia kushoto. Usiyemjua jina, muulize mzee mwenyewe, naye atakueleza mengi kuliko ulivyouliza. Usiwe na haraka ya kuondoka.